Hotuba Uwanjani na Hotuba Kitabuni

Wapo wahakiki wanaoamini kwamba hotuba ni maneno tu, na kwamba aliyeisoma amekwisha kuipata yote. Sisi tulikuwapo Mbeya, katika uwanja wa Sokoine, tarehe 1 Mei 1995, Mwalimu Julius Nyerere alipozungumza na wafanyakazi, na hatukubaliani nao.

Wakati huo Mwalimu hakuwa na cheo chochote serikalini. Urais alikuwa ameuacha mwaka 1985, na uenyekiti wa Chama mwaka 1990. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe mwaka 1992 ulikuwa mbele yetu, mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Machi alikuwa amekwisha kuzungumza na waandishi wa habari Dar es Salaam, akalifananisha taifa na nyumba iliyoingia nyufa: Muungano kutikiswa, sheria kupuuzwa, rushwa, ukabila na udini. Kwa hiyo umati ulikuja Mbeya ukiwa na shauku ya kusikia zaidi.

Fani ya Mwalimu jukwaani ilikuwa ile ya mtambaji wa hadithi. Alitupa swali, akanyamaza, akawaacha watu walijibu mioyoni mwao, kisha akalirudia swali lile lile kwa sauti ya chini zaidi. Alicheka kabla ya hadhira kucheka. Neno zito alilitanguliza kwa mzaha, na mzaha ukiisha neno linabaki. Mtu aliyefasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili alijua vema uzito wa kimya katikati ya sentensi, na kimya hicho mpiga chapa hana alama ya kukiandikia.

Hata hivyo, kusifu fani bila kupima maudhui si uhakiki. Tuchukue kisa cha viboko. Mwalimu alieleza jinsi serikali yake ilivyowatendea wala rushwa baada ya Uhuru. Sheria ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24, nusu mfungwa anapoingia gerezani na nusu anapotoka. Viboko vile vya mwisho, alisema, ni vya kwenda kumwonyesha mkewe. Uwanja mzima uliangua kicheko. Nasi tulicheka, tena sana, na jirani yetu alitushika bega asianguke.

Kicheko kile ni ushindi wa msemaji. Lakini pia ndipo msikilizaji anapoweka chini mizani yake. Hakuna aliyeuliza kama viboko vilipunguza rushwa, wala kama adhabu inayomdhalilisha mtu inamfunza uadilifu. Hata ile sitiari ya nyufa ina pengo la namna hiyo. Nyumba ikiingia nyufa, fundi wa leo anaweza kulaumiwa kwa kutoipiga lipu. Anaweza pia kuulizwa aliyechimba msingi. Mwalimu alikuwa mwenye msingi. Kwa heshima yote tuliyo nayo kwake, twaona kwamba sitiari hiyo ilielekeza macho ukutani kuliko chini ya ukuta, na sauti yake tamu ilifanya swali hilo lionekane utovu wa adabu. (Mzee akisema, kijana hatii neno, ndivyo tulivyolelewa wengi wetu.)

Kwa upande mwingine, palikuwa na ushujaa ambao karatasi haiuonyeshi. Chama kilichokuwa kikitawala kilikuwa chake mwenyewe, naye aliusema uozo hadharani, miezi michache kabla ya kura. Aliyekuwapo aliona jinsi watu walivyotazamana kwanza, kana kwamba wanaulizana kama inaruhusiwa kupiga makofi.

Baadaye tulilijaribu jambo hili darasani. Wanafunzi wa kidato cha tatu walisikilizishwa sehemu ile ya viboko katika kanda, wakacheka kama tulivyocheka sisi Mbeya. Siku ya pili waliyasoma maneno yale yale ubaoni, kimya, bila sauti ya Mwalimu. Hakucheka hata mmoja. Msichana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza: mke naye alikosa nini hata aonyeshwe?