Kitabu Kilichoizima S

Mliotazama video ile ya mafunzo ya wazazi wa watoto wenye mashine za kusikia mnaikumbuka dakika mtaalamu alipoinua kitabu cha hadithi akaziba mdomo. Zoezi la kupima usikivu wa mtoto liliharibika pale.

Mchezo wenyewe ni huu: mtoto anashika shanga karibu na sikio, anasubiri, akisikia anaidondosha koponi. Sauti zilikuwa sita za kipimo cha Ling: m, u, i, a, sh na s. Tano za kwanza zilitolewa bila kuficha mdomo, mtaalamu amekaa ubavuni, mtoto macho kwenye kopo. Zamu ya s ilipofika, akaogopa mtoto atachungulia meno. Achungulie vipi mtu aliye ubavuni? Kitabu kikapanda, shanga ikabaki mkononi, alama ya kukosa ikaandikwa.

Daniel Ling, aliyebuni kipimo hicho, hakuziokota sauti zile njiani: zinagusa masafa ya chini hadi ya juu. M iko chini, karibu na hertzi 250. S nguvu yake inaanza kama hertzi 4,000 kwenda juu. Wimbi la hertzi 250 lina urefu unaozidi mita moja, hivyo kitabu linakizunguka tu. La hertzi 4,000 halifiki hata sentimita 9. Likikutana na jalada gumu, sehemu kubwa inamrudia msemaji. Katika sauti zote sita, aliifunika ile isiyovumilia kufunikwa.

Kisha likaja la pili. Akashusha kitabu, akamgeukia mtoto uso kwa uso, akaikaza s. Shanga ikadondoka, ukumbi ukapiga makofi. Makofi ya nini? Huenda mtoto alisoma meno. Tumeondoka na majibu mawili yasiyoaminika: kwamba s haisikii, na kwamba ikikazwa anaisikia. Anayerekebisha mashine akipewa karatasi yenye alama hizo anaweza kuongeza sauti za juu bila sababu. Na kama kweli s inampotea, saa, taa na kaa atazitofautishaje? Hatutajua, maana hakupimwa.

Mengine yalikuwa sawa: betri zilikaguliwa, vipindi vya kusubiri vilibadilishwa ili mtoto asibashiri, feni ilizimwa. Nyumbani kwenu je? Nimechoka kuandika kuhusu televisheni inayonguruma siku nzima mbele ya mtoto mwenye mashine masikioni, na bado nitaandika.

Wakongwe hawakuwa na mbwembwe hizi za kitabu. Kipimo cha Ling kilihitaji sauti ya mtu na umbali unaobadilika, basi. Aliyelazimika kuficha mdomo aliwamba kitambaa cha spika kwenye ringi ya kudarizia, kwa sababu sauti inapita humo. Na kabla ya programu za simu za kufundishia kusikiliza zinazouzwa leo kwa wazazi, watoto wetu walicheza nyama-nyama-nyama: anayeongoza anataja mnyama, wanaruka kwa anayeliwa tu, anayerukia mbwa anatoka. Humo mna kusubiri, kutofautisha na kuelewa, bila hata senti. Anayeongoza asimame nyuma yao, vinginevyo watamwangalia midomo.

Mzazi wa mtoto yule, usiipeleke kliniki alama ile ya s. Kesho asubuhi mtoto akishavaa mashine, zima redio, kaa ubavuni, mwache akazie macho shanga zake, itoe s kwa sauti ya kawaida bila kuziba chochote. Atakachojibu hapo ndicho cha kuandika.