Wimbo wa Kulaza Mtoto, Wimbo wa Kusimamisha Watu

Mkenya yeyote aliyewahi kusimama wima kwenye paredi ya shule ameimba wimbo wa mama wa Kipokomo, ajue asijue. Tuni ya wimbo wa taifa ilitoka huku kwetu Mto Tana, katika nyimbo za kubembeleza watoto. Sisi wa Ngao, huku chini upande wa Garsen, hatuwezi kujidai kuwa ni yetu peke yetu. Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeitoa ni Mzee Meza Moroa Galana wa Makere ya Gwano, na wa Makere wana haki ya kututambia. Ila mto ni mmoja, na kina mama wa mto huu ni walewale.

Mwaka 1963 kazi ya kuunda wimbo huo ilikabidhiwa watu watano. Graham Hyslop alikuwa Mwingereza, mwalimu wa muziki aliyeandika pia tamthilia za Kiswahili. George Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda. Thomas Kalume alikuwa mchungaji kutoka pwani, na baadaye akawa mbunge. Kulikuwa na Peter Kibukosya, na kulikuwa na Washington Omondi, ambaye alikuja kuwa msomi mkubwa wa thum, kinubi cha Wajaluo. Tume, waliitwa. Mimi nikiyasoma majina hayo naona bendi: mtu wa kwaya ya Kizungu, mtu wa ziwa, mtu wa bahari, kila mmoja na masikio aliyolelewa nayo, wameketi mbele ya tuni ambayo si ya yeyote kati yao.

Hebu fikiria walichokabidhiwa. Wimbo wa kumlaza mtoto huimbwa na mtu mmoja. Hauna ngoma. Mapigo yake yanatoka kwenye mkono unaopapasa mgongo wa mtoto, na pumzi ya mtoto ikitulia, wimbo nao unapunguza mwendo. Hauna mwisho maalumu. Mtoto akilala umekwisha, akifumbua macho unaanza upya. Wao walitakiwa waufanye wimbo wa beti tatu, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana, unaoweza kupigwa na matarumbeta ya askari na kuimbwa na umati kwa sauti nne bila mtu kupotea njiani. Yaani walitakiwa waugeuze wimbo wa kulaza uwe wa kuamsha.

Njia nyepesi ilikuwepo. Wangeuingiza kwenye tuni ya furaha, kama zilivyo nyimbo nyingi za taifa duniani, wakatia mbwembwe za tarumbeta mwanzoni, na leo hakuna ambaye angeitambua asili yake. Hawakufanya hivyo. Waliuacha na ile huzuni yake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera mpya ilipopandishwa Nairobi, taifa lilijitangaza kwa sauti ya mtu anayembembeleza mwenzake. Tangu hapo nimeona wageni wakishangaa: mbona wimbo wenu una majonzi? Hauna majonzi. Una uzito wa mtoto begani.

Ndiyo maana nasema kwamba ufundi mkubwa wa wanamuziki wanaochanganya miziki, hao wa jazi na wa bendi za mseto, haupo katika wingi wa wanachojua kupiga. Upo katika kujua nini wasipige ili mgeni wao akae kwenye kiti chake mwenyewe. Kila mwenye vidole vyepesi anaweza kuiendea ngoma ya watu na kuijaza manoti. Kuipisha ni kazi nyingine.

Kwa wanaotaka kuona ufundi huo kwa karibu, safari ni ya Zanzibar. Kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002, na kwa miaka mingi madarasa yake yalikuwa katika Jumba la Forodha la zamani, ukingoni mwa bahari. Humo wamepita vijana waliounda vikundi kama Tarajazz na Siti and the Band, wanaoweka taarabu na jazi katika meza moja. Meza hiyo ina tatizo ambalo msikilizaji halioni. Chukua maqam, yaani ngazi ya noti, ya Bayati. Noti yake ya pili inaangukia katikati ya vibao viwili vya piano. Ukibonyeza cha chini umeshuka mno, ukibonyeza cha juu umepanda mno. Mpiga udi hana shida, kwa kuwa shingo ya udi haina vyuma vya kumzuia, kidole kinatelezea panapotakiwa. Mpiga fidla vilevile. Mpiga kanuni anainua au kushusha vikonyo vidogo vya chuma kando ya nyuzi. Mpiga saksafoni analegeza mdomo kidogo na noti inashuka. Mpiga piano peke yake ndiye aliyefungwa. Sasa mtazame mpiga piano aliyefundishika: wimbo ukikaribia noti ile, mkono wake wa kulia unainuka. Anaacha nafasi. Fidla inapita pale, sauti ya mwimbaji inapita pale, kisha yeye anarudi kwenye noti inayofuata kana kwamba hakuondoka. Wasikilizaji wengi watasema alipiga vizuri sana mahali pale ambapo hakupiga kitu.

Marehemu Ayub Ogada naye alikuwa na ubahili wa namna hiyo. Alipitia African Heritage Band ya Nairobi, bendi iliyochanganya ala za kienyeji na za umeme, kisha akaenda Uingereza na nyatiti yake. Albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa na Real World mwaka 1993. Nyatiti ina nyuzi nane tu, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akagonga nayo ukingo wa ala, hivyo ngoma yake anayo mwilini. Katika studio iliyojaa mitambo, angeweza kuzungukwa na kila kitu. Ukiisikiliza albamu hiyo, utasikia jinsi waliomsindikiza walivyokaa mbali naye.

Huku kwetu mseto haukuanza na jazi. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walifika mtoni katika miaka ya 1880, na Ngao ikawa kituo chao. Walikuja na nyimbo za kanisa za kwao, zilizopangwa mstari kwa mstari kama mbao. Wenyeji wakazipokea, kisha wakazilegeza. Mpaka leo ukisikia kina mama wazee wakiimba ibadani, mwisho wa mstari hawaukati kama kitabu kinavyotaka. Wanauburuta kidogo, mmoja anatangulia, wengine wanamfuata, na kinanda kinawasubiri kikitaka kisitake.

Ala moja ingefaa sana katika mseto huu, nayo haiko. Ngadzi, ngoma kuu ya Wapokomo, haipigwi kwa kiganja wala kwa fimbo. Husuguliwa, nayo hunguruma. Ilichukuliwa na wakoloni, na tangu mwaka 1908 iko British Museum, London, stoo. Wazee wetu wamedai irudishwe. Mwanamuziki anayetaka kuisikia hana pa kuanzia, maana picha haingurumi.

Basi yaliyobaki yako mikononi mwa vijana wa kinanda. Harusi za Garsen na vijiji vyake siku hizi hazikosi kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme, spika mbili na jenereta, na yeye peke yake ndiye bendi nzima. Saa moja usiku anapiga tenzi, saa mbili seben ya Kikongo, saa tatu chakacha, na mashine inampigia ngoma bila kuchoka. Kati yao kuna mmoja ninayemfuata popote ninaposikia ameitwa. Kina mama wakishikana mikono kuanza ngoma yetu ya mwaribe, yeye hulizima kabisa lile pigo la mashine, kwa sababu halijui kungoja. Hubaki na besi, noti mbili au tatu, akiitazama miguu yao badala ya vidole vyake. Wenye harusi wengine hulalamika kwamba wamemlipa apige, na mbona amenyamaza. Yeye hawajibu, kina mama wameshaongeza mwendo, naye ana kazi ya kuwafuata.