Mlango Unaotuliza Ngano

Mkate wa asubuhi mitaani Deira, jijini Dubai, hutokana na ngano iliyovuka bahari, kwa kuwa ardhi ya Dubai haiwezi kuulisha mji huo. Kinu cha National Flour Mills cha kampuni ya Al Ghurair, kilichoanzishwa mwaka 1976, ni miongoni mwa vinavyosaga nafaka ya ng'ambo. Waokaji na wasagaji husifiwa, na wanastahili. Katika kazi hii ya kusaga kuna kifaa kingine cha kupongezwa: kidhibiti mtiririko kinachofungwa chini ya mizani inayojiendesha.

Mizani hiyo hupima kwa mafungu. Ngano humiminika kwa kasi ndani ya pipa la kupimia. Uzito ukikaribia kutimia, mlango wa juu hubana, punje zikadondoka kidogo kidogo. Uzito ukishaandikwa, mlango wa chini hufunguka na fungu zima huporomoka kwa mkupuo ndani ya pipa la kupokelea.

Mkupuo huo ukiachiwa, mkanda unaobeba ngano hufurika.

Ndipo kidhibiti mtiririko, bamba la chuma lenye springi mdomoni mwa pipa hilo la kupokelea, hufanya kazi yake. Nafaka ikirundikana, uzito wake hulisukuma bamba lifunguke zaidi. Ikipungua, springi hulirudisha. Ngano hutoka kwa mkondo mmoja tulivu, bila bamba kuhitaji umeme.

Pongezi hizi ni za mafundi wa zamu pia. Wao hukaza springi, hubadilisha bamba lililolika na husafisha vumbi la nafaka, ambalo likitanda hewani laweza kulipuka kwa cheche moja.