Utawala Bora wa Nani? Pearl ya Doha na Mipaka ya Tafiti Zetu



Kila nikisoma tafiti za menejimenti ya umma na utawala, zetu na za wenzetu, najikuta nauliza: hivi hizi zinapima nini hasa? Manake chukua mbinu zake uende nazo Pearl hapa Doha, kile kisiwa cha kutengenezwa, utarudi mikono mitupu.

Tuanze na neno. Sisi Waswahili tumelipokea somo hili kwa jina la "utawala bora", yaani hukumu imeshatoka kabla kesi haijasikilizwa. Tanzania tumelipa hata ofisi chini ya Rais. Mtafiti anayeanza na "bora" anatafuta kilichopungua kwa mtawala. Hamtafuti mtawala mwenyewe ni nani, anadhani anamjua.

Sasa Pearl. Kampuni ya United Development Company ilianzishwa 1999, ikaingia soko la hisa 2003, ikafukia bahari na kupata karibu mita za mraba milioni 4 za ardhi. Sheria Na. 17 ya 2004 ikawafungulia wageni mlango wa kumiliki nyumba pale. Hata ubaridi wa vyumbani unatoka kwenye mtambo wa Qatar Cool, kampuni ya kundi hilohilo, maji baridi yanapita kwa mabomba hadi majengoni. Mkazi akiwa na malalamiko ya bili anamwendea nani? Diwani? Baraza la Manispaa lipo, wajumbe 29, linachaguliwa tangu 1999, lakini wanaopiga kura ni raia wa Qatar tu, na Pearl imejaa wageni.

Desemba 2011 mikahawa ya kisiwani iliambiwa iache kuuza pombe. Sijadili pombe, kila mtu na dini yake. Nauliza tu: ule ulikuwa uamuzi wa umma au wa mwenye nyumba? Vitabu vyetu vina sura ya serikali, vina sura ya ubia na sekta binafsi. Mwenye nyumba anayefanya kazi za serikali hana sura. Tangu Christopher Hood aandike makala yake ya 1991 kuhusu menejimenti mpya ya umma, tumebishana juu ya serikali kuiga kampuni. Tanzania ikatunga na Sheria ya Wakala wa Serikali, 1997. Kampuni kugeuka serikali, hilo hatukujiandaa nalo.

Viashiria vya utawala vya Benki ya Dunia vinaipa Qatar alama za juu kwenye ufanisi wa serikali, na za chini kwenye sauti na uwajibikaji. Sawa, siyo uongo. Ila alama ni ya nchi nzima, haina mtaa wala lango. (Na Benki hiyohiyo iliifuta ripoti yake ya Doing Business Septemba 2021 baada ya data kukutwa na kasoro, kwa hiyo tupunguze kuapa kwa namba.)

Sisemi tafiti hizi ni bure. Mkataba wa maji wa City Water, Dar es Salaam, ulianza 2003 ukavunjwa 2005, na tunaweza kuueleza vizuri mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu palikuwa na mkataba, palikuwa na wizara, na baraza la usuluhishi likatoa hukumu 2008. Makaratasi yalikuwepo. Pasipo na makaratasi, somo letu linakuwa kipofu.

Na hapo ndipo walipo watu wetu, maana walinzi wengi wa Qatar wanatoka Kenya na Uganda. Sheria Na. 17 ya 2020 iliweka kima cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi. Msomi anaandika: mageuzi yamefanyika. Kama yamefika kambini, anayejua ni mlinzi. Mkenya Malcolm Bidali, mlinzi, aliandika kwa jina la Noah kuhusu maisha ya wafanyakazi wahamiaji Qatar. Mei 2021 akakamatwa, akatozwa faini ya riyali 25,000, Agosti akaondoka nchini. Jamani, kama ule siyo utafiti wa utawala, basi mimi sijui utawala ni nini. Lakini hebu upeleke kwenye jarida: sampuli iko wapi, nadharia iko wapi, kibali cha utafiti je? Masharti yetu yenyewe yanamweka nje mtu aliyelipia data yake kwa mahabusu.

Msidhani haya ni ya Ghuba peke yake. Fumba, Unguja, mji wa kampuni unajengwa tangu 2015, na wageni wananunua nyumba. Kesho mtafiti akienda kuuliza habari za taka, maji na ulinzi, atabisha hodi kwa sheha au kwa meneja? Dodoso la sheha tunalo, tumelitumia miaka. La meneja nani ameliandika?