Gita Lililochakaa na Gita Bovu

Mtu akitaka kuuza gita lake la zamani, kitu cha kwanza anachokiombea radhi ni mikwaruzo. Ataonyesha pale kando ya tundu la sauti ambapo vanishi imeisha, ataonyesha weusi wa jasho nyuma ya shingo, kisha atataja bei kwa sauti ya chini. Hatasema neno juu ya pembe ya shingo, wala taruma la kuunga uso lililobanduka ndani, wala gundi ngumu iliyochuruzika pembeni mwa daraja. Ameombea radhi kile ambacho mnunuzi anayejua hakijali, na amenyamazia kile kitakachoamua bei.

Nasema hapa juu ya gita la akustika lililotengenezwa kwa mkono, kazi ya fundi mmoja au ya karakana ndogo, lenye jina la aliyelitengeneza kwenye lebo iliyo ndani ya tundu. Gita la bei rahisi la kiwandani likichakaa basi limekwisha, maana kulitengeneza kunagharimu kuliko kununua jingine. La mkono limejengwa kwa matumaini kwamba siku moja fundi mwingine atalifungua, atalirekebisha na kulifunga tena. Kwa hiyo swali la muuzaji halipaswi kuwa limechakaa kiasi gani. Ajiulize limechakaa wapi, na nani alilishika baada ya kuchakaa.

Mojawapo ya magita yaliyochakaa yanayojulikana sana ni la Willie Nelson, mwimbaji wa Marekani. Halikutoka kwa fundi mmoja, ila somo lake ni lile lile: ni N-20 ya kampuni ya Martin aliyoinunua mwaka 1969, gita la kiklasiki la nyuzi za nailoni, lililokusudiwa kupigwa kwa vidole, kwa hiyo halikuwekewa kibao cha kukinga uso. Yeye akalipiga kwa kidoko, kile kipande kigumu cha kupigia nyuzi, mwaka baada ya mwaka, mpaka mbao ikaliwa na likatokea tundu la pili kando ya lile la sauti. Limepanda naye jukwaani kwa zaidi ya nusu karne. Linaendelea kulia kwa sababu fundi wake huko Austin, Mark Erlewine, ameshughulikia yaliyo chini ya uso: mataruma, shingo, freti. Tundu lenyewe wameliacha lilivyo.

Uchakavu wa namna hiyo una manufaa kwa mnunuzi, kwani unamwambia gita lilipigwaje na nani. Mpigaji wa kidoko huacha mikwaruzo chini ya nyuzi nyembamba. Mpigaji wa dole gumba na kidole cha shahada, ule upigaji wa mpiga gita Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, ambao mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1952, huacha uso ukiwa karibu mzima, lakini freti za mwanzo, karibu na kichwa, zinakuwa na vishimo chini ya kila uzi. Mkono wa kulia unaoegemea mbavu kwa miaka hupausha ukingo wa juu wa kiwiliwili. Yote haya yanapaswa kukubaliana. Ukiona uso umeliwa lakini freti hazina hata alama, ama freti zimebadilishwa, nawe uulize ni nani aliyezibadilisha, ama uchakavu wenyewe ni wa kupaka na kusugua. Siku hizi kuna magita mapya yanayozeeshwa makusudi dukani, na yanauzwa ghali. Ni ladha ya wengine. Mimi siielewi.

Kwa hiyo usilipake vanishi upya kabla ya kuliuza. Sijui ushauri gani mwingine ningeusema kwa ukali kama huu. Magita mengi mazuri ya kiklasiki yamepakwa shelaki kwa kitambaa, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na mengi ya nyuzi za chuma yamepakwa lakaa nyembamba ya nitroselulosi ambayo kwa baridi na umri hufanya nyufa ndogondogo kama za udongo mkavu. Nyufa hizo ni za rangi tu, mbao haijaguswa. Anayelipaka upya hulazimika kwanza kusugua mbao kwa msasa, na uso wa gita una unene wa milimita 3 au pungufu. Kila msasa unachukua sehemu ya kazi ya fundi wa kwanza, halafu rangi nene ya dukani inaufunga uso usitikisike. Hapo gita zuri lililochakaa limegeuzwa kuwa gita la wastani linalong'aa, na bei imeshuka kwa mikono ya mwenyewe.

Kwa nini uso na si mgongo? Mhispania Antonio de Torres, aliyeishi 1817 hadi 1892 na ambaye gita la kiklasiki la leo linafuata vipimo vyake, alilijibu swali hilo kwa vitendo. Mwaka 1862 alitengeneza gita ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi iliyogandishwa, uso peke yake ukawa wa mbao nzuri ya sprusi. Gita hilo lipo kwenye jumba la makumbusho ya muziki la Barcelona. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inazaliwa usoni, kwenye ubao mwembamba na mataruma yanayouunga kwa ndani.

Basi anza huko. Pitisha taa ndogo na kioo cha mkononi kwenye tundu la sauti utazame ndani. Watu hupenda kuhesabu mistari ya mbao usoni, wakisema ikibanana sana ndiyo ubora. Hilo limekuzwa mno. Zuri zaidi ni kujua kama ubao umepasuliwa kwa kufuata miali ya mti kutoka moyoni kwenda gandani: mistari inasimama wima ukiitazama kwenye ukingo wa tundu, na ukiligeuza gita juani unaona mng'ao unaokata mistari hiyo kwa mkingamo. Ubao uliopasuliwa hivyo haujikunji ovyo. Kisha yatazame mataruma. Fundi mwenye mkono huyachonga yakipungua unene kuelekea pembeni, na ncha zake zimeingia kwenye maungo ya mbavu bila nafasi. Alama za patasi zisikutishe, kwani mafundi wakubwa wa Hispania waliziacha nyingi tu. Tafuta maungo yaliyokaza, na gundi iliyo kidogo. Mahali palipojazwa gundi, mbao hazikukutana.

Gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua kutoka kingo hadi daraja. Penye afya patalia kwa sauti ya ngoma. Penye taruma lililobanduka patatoa mtetemo mkavu wa kuparuza. Hiyo ni hitilafu ya kawaida, na ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi, mradi aliyetangulia hakuwahi kutia gundi ya epoksi. Gundi ya jadi ya ngozi huachia kwa joto na unyevu, ndiyo sababu mafundi bado wanaipenda. Epoksi haiachii kirahisi.

Sasa shingo, ambapo bei hasa inaamuliwa. Nyuzi 6 za chuma zikikazwa kwa sauti yake zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na zile za nailoni zinakaribia 40. Uso mwembamba unabeba mvuto huo usiku na mchana. Kwa miongo miwili au mitatu kiwiliwili hukubali kidogo, na shingo huinamia mbele. Nyuzi zinakaa juu, vidole vinauma, na mwenye gita anaanza kudhani amezeeka.

Chukua rula ya chuma iliyonyooka, ilaze juu ya freti katikati ya shingo, isogeze hadi kwenye daraja. Ncha yake ikipita juu ya ubao wa daraja kwa kuugusa tu, shingo iko mahali pake. Ikigonga ubavu wa daraja chini ya ukingo, shingo inahitaji kufunguliwa na kupachikwa upya. Kisha pima urefu wa uzi juu ya freti ya 12: kwa gita la nyuzi za chuma, milimita 2.5 kwa uzi mnene na karibu 2 kwa mwembamba ni vizuri. Lakini kipimo hiki cha pili kinaweza kudanganya. Tazama mfupa ulio kwenye daraja, ule unaobeba nyuzi. Ukitokeza kama milimita 3, sawa. Ukikuta umebaki milimita 1, mtu ameusaga ili nyuzi zishuke, na ugonjwa wa shingo umefichwa. Mnunuzi mjuzi hutazama hapo kabla hata hajapiga.

Wapo watakaokwambia, "Kaza ile nondo ya ndani, itanyooka." Nondo ya chuma iliyo ndani ya shingo hurekebisha mpindo wa shingo yenyewe. Pembe ya shingo na kiwiliwili haiigusi. Kupachika shingo upya maana yake fundi anaingiza mvuke kwenye kiungo, anakifungua, anakichonga kwa upana wa unywele, anakirudisha. Kwa gita la mkono lenye thamani hiyo ni huduma ya kawaida, na muuzaji anaitoa gharama yake kwenye bei waziwazi. Kwa magita ya kiklasiki yaliyojengwa kwa njia ya Kihispania mambo ni tofauti: mbavu zimepachikwa ndani ya kisigino cha shingo, hakuna kiungo cha kufungua, na fundi hurekebisha kwa kusawazisha ubao wa vidole. Mwambie mnunuzi gita lako ni la aina ipi.

Nyufa za mbao: ufa unaofuata mistari, uliozibwa kwa gundi na kuwekewa vibandiko vidogo kwa ndani, haupaswi kumtisha mtu. Unaokata mistari ni alama ya pigo, na huo upunguze bei sana. Daraja lipime kwa karatasi nyembamba. Ikiingia chini yake, limeanza kung'oka. Skrubu zilizopigiliwa juu ya daraja ni habari mbaya kuliko daraja lililong'oka.

Mbao za mgongo na mbavu zinapendwa kusimuliwa kuliko zinavyostahili, ila kuna mbili zinazomhusu muuzaji kisheria. Mti wa rosewood wa Brazil, Dalbergia nigra, uliwekwa kwenye ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 1992, na gita lenye mbao hiyo haliuzwi kuvuka mpaka bila vibali. Ndugu yake wa kwetu ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, ambao baadhi ya mafundi wanaupenda kwa uzito wake na mlio wake. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Dalbergia zote zilizobaki ziliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba huo na vibali vikawa usumbufu kwa kila mtu. Tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimeachiliwa, isipokuwa zile za mbao ya Brazil. Jambo moja zaidi kuhusu mpingo: mti wenyewe ni mwembamba, umepinda, mara nyingi una mashimo moyoni, na mgongo wa gita unafikia upana wa sentimita 40 hivi. Ukiona mgongo wa mpingo umeungwa kwa vipande vitatu au vinne, usimlaumu fundi kwa ubahili. Alitumia kile mti unachotoa.

Hali ya hewa nayo isisahauliwe. Magita mengi hujengwa kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Lililokaa Tanga au Mombasa limekunywa maji, uso umevimba, nyuzi zimepanda. Ukiliuza kwa mtu aliyeko Stockholm, nyumba yenye kipasha joto wakati wa baridi italikausha kwa majuma machache, na mbao itasinyaa kwa mkingamo wa mistari yake mpaka ipasuke. Muuzaji muungwana humwonya mnunuzi aweke kifaa cha kuongeza unyevu ndani ya sanduku kuanzia siku ya kwanza.

Kabla ya kulionyesha, weka nyuzi mpya, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Andika kwenye karatasi moja: jina la fundi, mwaka na namba iliyo kwenye lebo, mbao, urefu wa nyuzi juu ya freti ya 12, kimo cha mfupa wa daraja, kila ufa na nani aliuziba, freti zilibadilishwa lini. Fundi akiwa hai, mwandikie. Wengi wanalikumbuka kila gita walilolitengeneza, na barua yake ina uzito kuliko sifa zako. Piga picha za mfupa wa daraja kwa ubavuni na za ndani ya tundu. Picha za maua na machweo ziache.

Atakuja mtu na kusema, "Kaka, hapa pamechubuka, punguza." Mpe gita alipige kwanza. Kisha mwonyeshe rula, na umwache aiweke mwenyewe. Akishusha bei kwa sababu ya shingo, mna la kuzungumza. Akiendelea na mikwaruzo, huyo anatafuta gita jipya, na maduka yanayo mengi; mwelekeze.

Mkikubaliana na gita likawa la kusafiri kwa ndege, legeza nyuzi mizunguko michache bila kuzitoa, jaza nguo laini chini ya kichwa na pande zote za shingo ili isichezecheze ndani ya sanduku, na ile karatasi iweke juu ya nyuzi, ambapo atakayefungua ataiona kwanza.