Aronia: Ukakasi Huamuliwa Kabla ya Kukamua

Anayeonja aronia mara ya kwanza, moja kwa moja kutoka kichakani, kwa kawaida hataki ya pili. Na wala si kwamba beri hizi nyeusi hazina sukari. Zikiiva barabara, maji yake hufika 15 hadi 20 kwa kipimo cha sukari cha Brix, zaidi ya matofaa mengi. Kinachomkimbiza mtu ni tanini: hunasa protini za mate, ulimi ukabaki mkavu, kama anavyojua kila aliyekula bibo la korosho. Inakuwaje basi shamba dogo la familia likakamua tunda hilo na kupata juisi ambayo watu wanarudi kuinunua?

Kichaka chenyewe kwao ni mashariki mwa Amerika Kaskazini, ila waliokigeuza kuwa zao ni Warusi. Mtaalamu wa kuzalisha mbegu Ivan Michurin alikifanyia kazi, Umoja wa Kisovyeti ukakipanda kwa wingi kuanzia miaka ya 1940, na leo Poland ndiyo inayoongoza kwa mavuno. Marekani ilichelewa. Huko Iowa, shamba la Sawmill Hollow lilianza kupanda aronia miaka ya 1990, wakati majirani zake wakiendelea na mahindi na soya. Viking, aina inayopendwa sana na wakulima, imetoka Finland. Mmea umerudi kwao ukiwa umekwisha kufunzwa adabu na wageni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kosa la kwanza ni kuamini rangi. Aronia huwa nyeusi mapema, wiki kadhaa kabla sukari haijapanda na ukakasi kupungua. Mchumaji makini huminya beri chache juu ya kioo cha kupimia Brix, akiona namba ndogo anaondoka. Hapo shamba dogo lina nafasi nzuri, kwa kuwa beri hizi husubiri kichakani bila kudondoka haraka, na mwenye shamba hana ratiba ya kiwanda inayomsukuma.

Baada ya kuchuma, beri hugandishwa. Wengi hudhani ni njia ya kuhifadhi tu, kumbe ni nusu ya ukamuaji: chembe za barafu hupasua kuta za seli, na zikiyeyuka, maji na rangi hutoka bila kulazimishwa. Viwanda vina njia nyingine. Hupasha rojo moto, hutia vimeng'enya vya kuvunja pektini, na hupata juisi nyingi zaidi kwa kila tani. Pamoja na juisi hiyo hutoka pia tanini zaidi za maganda. Kwa maoni yangu, mkulima mdogo anayekubali kuacha lita za mwisho ndani ya machicha amefanya hesabu sahihi. Kikamulio chake cha mpira unaojazwa maji hubana taratibu, na mbegu hazipasuki. Mbegu hizo zina amigdalini, chanzo cha ule uchungu wa lozi chungu.

Kupasha moto ni hatua fupi. Juisi ina asidi ya kutosha, pH ya karibu 3.5, kwa hiyo haihitaji moto mkali: huingizwa chupani ikiwa na nyuzi joto 85 hivi, kisha hupozwa upesi. Antosiani, rangi zinazoifanya iwe zambarau iliyoiva, huharibiwa na joto la muda mrefu, na baadaye na mwanga na miezi ya kukaa rafuni.

Linabaki suala la utamu. Wapo wanaomimina sukari, nayo haiondoi ukakasi hata kidogo. Huufunika tu mpaka funda la tatu. Kuchanganya na juisi ya tofaa, kama wafanyavyo Wapoland wengi, hupunguza tanini zenyewe katika kila glasi, na ladha ya aronia bado inasikika. Ukikutana nayo dukani, soma kibandiko: penye tofaa chukua, penye sukari iache. Ile tupu inywe kidogo kidogo, maana sehemu ya utamu wake ni sobitoli, na ukizidisha, tumbo litaendesha.