Kerneli Mpya Ilipokwama, Jibu Lilikuwa Kwenye Skrini

"Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Mstari huu wanaufahamu karibu wote waliowahi kukompaili kerneli ya Linux kwa mikono yao. Safari hii ulitokea kwenye kompyuta mpakato yenye Debian 12 na diski ya NVMe. Mwenye kompyuta ni kijana anayejifunza kazi hii kwa bidii. Alichukua kerneli toleo la 6.6, akaanza na faili la usanidi la Debian, kisha akapunguza kila alichoona hakihitajiki ili mashine iwake haraka. Kukompaili kulikwenda salama, make install ikamaliza bila kulalamika, na kerneli mpya ikaonekana kwenye menyu ya GRUB. Alipoichagua, mashine ikaganda.

Wengi wakifika hapa hurudi mbio kwenye menuconfig, wakawasha vitu kumi kwa kubahatisha, wakakaa kusubiri kukompaili upya. Naipinga tabia hii kwa nguvu zote. Ikitokea ikawaka, hujui ni kipi kati ya hivyo kumi kilichoponya. Isipowaka, umepoteza saa na hujajifunza lolote.

Kuwaka kwa kompyuta ni kupokezana kijiti. Programu ya ubao mama humkabidhi GRUB. GRUB huweka kerneli kwenye kumbukumbu pamoja na faili la initramfs. Kerneli hulifungua faili hilo, ambalo ndani yake mna mfumo mdogo wa muda wenye draiva na zana za kutafuta diski. Diski ikishapatikana, systemd huanza kazi. Swali la fundi ni moja: kijiti kimeangukia mikononi mwa nani?

Namba mbili zilizo kwenye mabano ndizo za kusoma kwanza. Ni namba ya aina ya kifaa na namba ya kifaa chenyewe. Patisheni ya kwanza ya diski ya SATA inayoitwa sda1 ni 8,1. Patisheni za NVMe huwa na 259 mbele. Kama skrini ingeandika (259,2), maana yake kerneli imeifikia patisheni lakini haikuweza kusoma kilichomo, na mshukiwa wa kwanza angekuwa ext4 kutokuwemo. (0,0) ni habari nyingine: kerneli haikuweza hata kujua inaelekezwa kwenye kifaa kipi.

Hapo ndipo watu husema "draiva ya diski haipo" na kufunga mjadala. Subiri kidogo. Kabla ya mstari ule wa mwisho kerneli huchapisha orodha ya patisheni ilizoziona. Mimi na kijana tukapandisha macho, tukazikuta nvme0n1p1 na nvme0n1p2 zimeorodheshwa, na mbele ya diski kuu pameandikwa draiva yake, nvme. Kwa hiyo draiva ipo na diski imeonekana. Kisichoeleweka ni jina. Juu zaidi kulikuwa na mstari unaosema kerneli imeshindwa kufungua kifaa kinachoitwa "UUID=" ikifuatiwa na herufi na tarakimu nyingi.

Hili linawachanganya hata wazoefu. UUID ya mfumo wa faili, ile ambayo Debian huiandika kwenye root= ya GRUB, kerneli yenyewe haijui kuitafuta. Kazi hiyo hufanywa na zana zilizomo ndani ya initramfs. Kerneli ikiwa peke yake huelewa jina la kawaida kama /dev/nvme0n1p2, au PARTUUID, ambayo ni namba ya patisheni iliyoandikwa kwenye jedwali la patisheni la diski. Basi kama kerneli iliachiwa UUID iitafute yenyewe, initramfs haikufanya kazi.

Lakini faili la initramfs lilikuwepo ndani ya /boot, na GRUB ilionyesha kuwa inalipakia. Tulirudi kwenye kerneli ya zamani, ambayo ilikuwa bado ipo kwenye menyu, tukafungua folda ya scripts iliyo ndani ya msimbo wa kerneli na kuendesha diffconfig kulinganisha usanidi wa Debian na wa kijana. Kati ya mistari mingi mmoja ulisomeka hivi: BLK_DEV_INITRD y -> n. GRUB ililiweka faili kwenye kumbukumbu kama kawaida, ila kerneli iliyolipokea ilikuwa imeondolewa uwezo wa kulifungua, ikalipita bila kusema neno.

Hoja ya kijana ya kuuondoa uwezo huo haikuwa mbaya. Aliziingiza draiva ya NVMe na ext4 ndani ya kerneli yenyewe, kwa alama ya y badala ya m, na kwenye Debian ya kawaida vyote viwili ni moduli. Ukifanya hivyo, na diski yako haina usimbaji wa LUKS wala LVM, unaweza kweli kuishi bila initramfs. Kilichosalia ni kubadilisha jina la diski. Basi hatukukompaili kitu. Tulisoma PARTUUID kwa amri ya blkid, tukawasha upya, tukabonyeza e kwenye menyu ya GRUB, tukaandika root=PARTUUID= na namba yake badala ya UUID, kisha Ctrl-x. Badiliko la namna hiyo hudumu kwa kuwasha mara moja tu, kwa hiyo ndipo mahali salama pa kujaribia wazo.

Kerneli ikapita. Systemd ikaanza, halafu ikasimama: "You are in emergency mode". Hapa hofu haina nafasi tena, kwa sababu diski imeshafunguka na kumbukumbu za tukio zinaandikwa. Amri ya journalctl -b ilionyesha kwamba /boot/efi haikufunguka, na mstari wa kerneli ukataja sababu: "FAT-fs (nvme0n1p1): codepage cp437 not found". Patisheni ya EFI ni ya FAT, na FAT huhitaji majedwali ya herufi ili kusoma majina ya mafaili. Majedwali hayo yamo kwenye menyu iitwayo Native language support. Ukiisoma haraka utadhani inahusu lugha za watumiaji, na kijana aliifyeka kwa dhana hiyo. Hili lilihitaji kukompaili, lakini kwa dakika chache tu: NLS_CODEPAGE_437 na NLS_ASCII zikarudishwa kama moduli, na make hutengeneza upya kilichobadilika pekee.

Mambo yangekuwa magumu zaidi kama skrini ingekuwa nyeusi tangu mwanzo. Dawa yake huanzia palepale kwenye GRUB: ondoa quiet na splash, ongeza ignore_loglevel, na kwenye mashine za EFI jaribu earlycon=efifb ili ujumbe uonekane kabla draiva ya skrini haijaamka. Mashine inayokwama kabla ya diski kufunguka haiachi chochote kwenye journalctl, kwa hiyo piga picha skrini kwa simu. Kuanzia toleo la 6.10 kerneli inaweza kuchora ujumbe wa panic hata pale mazingira ya picha yanapokuwa yameshika skrini, na 6.12 ikaongeza uwezo wa kuutoa kama msimbo wa QR.

Je, upunguzaji wote ule ulistahili? Kabla ya kufyeka, endesha systemd-analyze. Itakugawia muda wa kuwaka kati ya programu ya ubao mama, GRUB, kerneli na huduma za systemd, uone muda unaishia wapi. Pale sehemu ya kerneli inapokuwa ndogo, kuikondesha hakukuongezei kasi utakayoihisi, ila kunaongeza mianya ya kukwama. Ushauri wangu kwa kijana ulikuwa kuirudisha BLK_DEV_INITRD hata kama leo haihitaji, kwa sababu siku atakapoamua kusimba diski yake kwa LUKS ataihitaji. Ameirudisha, na kwenye LOCALVERSION ameweka jina lake mwenyewe ili moduli za kerneli hii zikae kwenye folda yao chini ya /lib/modules.